Mahindi Yakishatoka

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mikorosho, Mwantumu alichukua bakuli la bati akaenda shambani nyuma ya nyumba kuchuma mbaazi mbichi. Hakuwa na haraka. Alianza mstari ulio karibu na njia, akaminya ganda mojamoja kwa kidole gumba. Lililojaa alilichuma, lililo bapa aliliacha likue. Bakuli likifika nusu alirudi. Nusu bakuli iliwatosha yeye na mama yake. Zikichemshwa na chumvi zilikuwa chakula cha asubuhi, na mchuzi wake ulibaki wa mchana.

Mwaka huo mbaazi ndizo zilizokuwa zikimlisha. Mvua ilikatika mwezi wa pili, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba, na yaliyosalia nguruwe pori waliyapitia. Alivuna madebe manne tu. Aliyapanga mahindi hayo darini juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu, akajiambia hatayagusa mpaka ifike lazima. Mikorosho yake kumi na miwili ilikuwa imeshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, maua yote yamekuwa meusi. Lakini mbaazi zilisimama. Zilipandwa pamoja na mahindi tangu Desemba, na sasa mahindi yametoka shambani, zimebaki zenyewe katikati ya mabua makavu, zimemfika kifuani, za chini zimefunga na za juu bado zina maua ya njano. Mwezi wa nane angezivuna kavu, nyingine ale, nyingine abadilishane na mahindi kwa watu wa Nkowe. Hesabu yake ilimfikisha mavuno ya mwakani, kwa kubanabana.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba, umande ukiwa bado mzito, alisikia kitu kabla hajakiona. Ilikuwa sauti ya kutafuna. Vinywa vingi, vinatafuna kwa utulivu kabisa, kama watu walio kwenye karamu ambao hawana la kuongea.

Ng'ombe walikuwa zaidi ya ishirini. Walikuwa wamesambaa shamba zima, toka njiani mpaka kwenye mikorosho, na mahali walipopita mbaazi zilibaki vijiti. Katikati yao alisimama mwanamke kijana mwenye shuka nyekundu, fimbo begani. Mwantumu alimjua kwa sura. Alikuwa Limi, mke wa Tomasi, mmoja wa Wasukuma waliohamia bondeni mwaka jana wakitokea upande wa Matambarale maji yalipokauka kule.

Limi alipomwona hakukimbia. Aliteremsha fimbo, akakunja goti.

"Mwangaluka, mayu," alisema, kwa namna yao ya kumwamkia mama. Kisha kwa Kiswahili: "Asante kwa mabua. Wameshiba sana."

Mwantumu alisimama na bakuli lake. Alitaka kusema kitu, akakosa. Halafu ukelele ukatoka, mkali na mrefu, hata yeye mwenyewe hakuamini kuwa ni wake.

Watu walikuja mbio. Wa kwanza kufika alikuwa kaka yake, Mbaruku, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia. Alikuja na panga. Limi alikuwa ameanza kuwafukuza ng'ombe kwa hofu, anapiga huku na huku, na ng'ombe waliochanganyikiwa wakazidi kukanyaga. Mbaruku alimfikia mtamba mmoja mweupe aliyebaki nyuma akamkata mguu. Mtamba alianguka magotini, akainuka, akaenda akichechemea huku damu ikidondoka juu ya mabua. Limi aligeuka akaona. Alimwendea yule mtamba, akamsukuma kwa mikono yake miwili mpaka wakatoka shambani.

"Waende!" Mbaruku alifoka. "Na wasirudi! Safari hii wataondoka mmoja mmoja mpaka wa mwisho!"

Hakuwa mtu mbaya. Mwaka juzi ekari zake mbili za ufuta zililiwa na mwenye ng'ombe hakujulikana, na tangu siku hiyo hasira ilikaa kifuani mwake ikitafuta mtu. Sasa ilikuwa imempata.

Tangu saa hiyo jambo lilitoka mikononi mwa Mwantumu. Bwana shamba alikuja na pikipiki, akahesabu mashina, akapiga picha kwa simu. Mbaruku alimtembeza, Mbaruku alimweleza, Mbaruku aliweka sahihi. Mwenyekiti wa kijiji, Kornel, aliitisha mkutano wa siku ya Alhamisi. Majirani walikuja kwa zamu kutoa pole, wakakaa kwenye mkeka, wakasema kuhusu Wasukuma, kuhusu ng'ombe, kuhusu serikali. Wakati wa kuondoka kila mmoja aliuliza, "Lakini mnaendeleaje, dada Mwantumu?"

"Tupo," Mwantumu alijibu. "Hatujambo."

Ndivyo alivyokuwa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kusema sawa. Na hata angekuwa msemaji, jambo hili halikuwa la kusemwa. Mwanamke mwenye jembe na shamba hatoki akatangaza kwamba darini kwake hakuna cha kumfikisha mavuno. Watasema alilala. Watasema alikula mbegu.

Hata mwanawe Imrani, aliye Dar es Salaam, alipopiga simu jioni hakumwambia.

"Maza, nimesikia zogo la huko. Hao jamaa wasepe tu, wasiwazingue. Msosi lakini upo?"

"Upo, mwanangu."

"Kweli? Maana na mimi huku mambo yamekaza."

"Kweli. Wewe jiangalie tu."

Alikata simu akakaa akiitazama mpaka taa yake ikazima. Kisha alipanda kigoda, akateremsha mahindi sita kutoka darini, ya wiki nzima, maana yaliyobaki sasa yalipaswa kumfikisha mwakani.

Kuanzia siku hiyo alipika uji. Asubuhi uji, jioni ugali mdogo wenye majani ya kunde. Alimpakulia mama yake kwanza, Bi Hajra, mzee aliyekuwa amepoteza macho miaka mitatu nyuma na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, akizungumza Kimwera akiwa na furaha na Kiswahili akiwa na jambo zito. Kilichobaki sufuriani Mwantumu alikula. Siku ya pili hakikubaki kitu, akakwangua ukoko. Siku ya tatu aliacha hata kukwangua, akamwongezea mama, akakaa kando yake akimsubiri amalize.

"Umekula?" mama yake aliuliza.

"Nimekula, mama."

Bi Hajra aliweka kijiko chini. Aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Kijiko kimelia kimoja," alisema. "Jana pia kimoja. Mimi sina macho, Mwantumu. Masikio ninayo."

Mwantumu alichukua bakuli akaenda kulisafisha nje. Alilisafisha muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Ilikuwa siku hiyo hiyo, mchana, watu wengi wakiwa wamelala, Limi alipokuja. Alipitia nyuma, kwenye mikorosho, asionekane njiani. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa. Alifika mpaka mwisho wa uwanja, akachuchumaa pale pale, mbali kidogo na kibaraza, akaweka kibuyu mbele yake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba," Mwantumu alijibu, kwa sababu salamu haikataliwi. Hakumwambia akaribie.

"Nimeleta maziwa. Ya bibi."

"Rudi nayo."

Limi hakurudi nayo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mikono yake imejaa sugu za kamba. Alitazama shamba. Vijiti vya mbaazi vilikuwa vimekauka tayari, vimesimama kama mifupa ya samaki.

"Ile siku Tomasi alikwenda Nachingwea kutafuta dawa ya kuogesha ng'ombe," alisema. "Nikatoka na ng'ombe mimi. Sikuwahi kuwaleta upande huu. Nikapita hapa, nikaona mahindi yametoka. Nikaona lile dungu la kulindia nguruwe halina mtu, hata kamba zake zimelegea. Nikasema, watu hawa wamemaliza, wamefungua. Kwetu, mayu, mahindi yakishatoka shamba ni la ng'ombe wa wote. Mwenye shamba anafurahi, maana wanamwachia mbolea. Usipopeleka ng'ombe anakuuliza, mbona umenisusa?"

"Na mbaazi je? Hukuziona mbaazi?"

"Niliziona. Sikujua ni chakula."

"Hukujua?"

"Nilidhani ni vichaka. Nikasema, wenye shamba wanafuga kuni." Alisema kwa aibu kweli, uso chini. "Mimi nilikozaliwa hatupandi. Nimeolewa, nimekuja huku, nimeona watu wanakula punje hizi sokoni, lakini mti wenyewe sikuwahi kuuona. Jana ndipo nikauliza. Mama mmoja wa Ruponda akacheka mpaka akakaa chini."

Mwantumu naye alitaka kucheka, jambo ambalo lilimshangaza. Alikumbuka goti lililokunjwa na zile asante za mabua. Mwizi hakunji goti. Kwa siku tatu alikuwa amelibeba lile "wameshiba sana" kama tusi, na kumbe lilikuwa shukrani.

"Yule mtamba," aliuliza, "amepona?"

"Tumemchinja." Limi alipangusa midomo kwa ncha ya shuka. "Alikuwa wangu. Baba alinipa nilipoolewa. Sikuja kwa hilo, mayu. Nimekuja kuuliza. Tomasi anasema kaka yako anataka tuondoke. Wengine wanataka pesa. Wengine wanataka polisi. Kila mtu tunamsikia. Wewe hatujakusikia. Wewe unataka nini?"

Lilikuwa swali jepesi. Mwantumu alifungua mdomo, na kwa mara ya pili wiki ile sauti haikuja. Jibu alikuwa nalo, limekaa mahali fulani chini ya mbavu tangu siku ya kwanza, lakini kumwambia mgeni huyu, aliyeleta maziwa, ilikuwa sawa na kunyoosha mkono kuomba. Yeye, binti wa Bi Hajra, aliyezaliwa kwenye shamba hili.

"Nasubiri mkutano," alisema. "Mkutano utaamua."

Limi alimtazama kidogo, akainuka. Kibuyu alikiacha. Jioni Mwantumu alimpa mama yake maziwa, akayanywa yote bila kuuliza yametoka wapi, akalamba mdomo wa juu. Mwantumu mwenyewe hakuyagusa.

Alhamisi watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye kanga zao, vijana wa bodaboda juu ya pikipiki zao pembeni. Tomasi alisimama mbele, mrefu, kofia mkononi, Limi nyuma yake. Walikuja wawili tu.

"Tomasi!" kijana mmoja aliita kutoka kwenye pikipiki. "Ng'ombe wako wana akili kukuzidi. Wamechagua shamba zuri kuliko yote!"

Watu walicheka.

"Rudini kwenu ziwani mkale samaki!" mwingine akadakia.

"Samaki kwetu siku hizi ni ghali kuliko ng'ombe," Tomasi alijibu, na kicheko kikabadilika kidogo, kikawa cha watu wote.

"Kimya," alisema Kornel. "Hapa si kilabuni. Mbaruku, sema."

Mbaruku alisema vizuri. Siku zote alisema vizuri. Alieleza jinsi babu zao walivyofyeka bonde lile kwa shoka. Alieleza habari ya ufuta wake. Alieleza vijiji vingine ambako mambo yalianza na shamba moja, yakaishia kwa watu kuzikana. Hapo uwanja ukanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesikia habari hizo, na wengine walikuwa na ndugu huko. "Mimi sitaki damu," alisema. "Ile ya mtamba imetosha, na nilikosea. Ndiyo maana nasema watoke mapema. Wapewe mpaka Jumamosi. Kesi ya dada yangu iende wilayani, tutaifuatilia, hata ikichukua miaka miwili."

"Miwili!" mama mmoja alinong'ona karibu na Mwantumu.

Tomasi aliombwa ajibu. "Sina la kubisha," alisema. "Ng'ombe ni wangu. Mke wangu alikosea bila kujua. Nitalipa."

"Utalipa nini, kinyesi?" kijana wa pikipiki aliuliza.

"Hata hicho. Shamba linakitaka."

Walicheka tena, lakini Kornel hakucheka. Alikuwa akiandika. Aliinua macho akawatazama wajumbe, wakatikisa vichwa kukubali. Jumamosi. Kisha, kwa kufuata utaratibu, akauliza: "Mwenye shamba yupo? Mama Mwantumu, una neno la kuongeza?"

Mwantumu alisimama. Alihisi macho ya watu yote yamemjia kwa pamoja, akashika ncha ya kanga yake.

"Aliyosema kaka yanatosha," alisema, akaketi.

"Ahsante. Basi kama hakuna..."

Kornel alianza kukunja karatasi. Alikuwa akiikunja taratibu, kwa kufuata mistari, kama mtu anayekunja barua. Mwantumu aliitazama ile karatasi ikipungua. Alimwona Limi akiinama kuokota fimbo yake. Aliwaza Jumamosi: bonde tupu, mbolea imekauka, na yeye amebaki na kesi wilayani, kesi ya miaka miwili. Mtu hachemshi kesi. Na nyumbani mama yake ameketi peke yake kizani mwake, anasikiliza vijiko.

Alisimama tena. Hakukumbuka baadaye jinsi alivyosimama.

"Mwenyekiti. Nimesema vibaya. Naomba nirudie."

Kornel aliacha kukunja.

"Wasiondoke," Mwantumu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wa nyuma wakasema sema kwa nguvu, mama, hatusikii. "Nimesema wasiondoke. Wakiondoka, mbaazi zangu zimeondoka nao. Huyu mwanamke hakuniibia. Alidhani nimemaliza. Kwao mahindi yakishatoka shamba linafunguliwa, na sisi hakuna aliyewaambia kwamba hapa bado kuna kitu kimesimama. Mimi ninapita mbele ya nyumba yao kila Jumatano nikienda gulioni. Sikuwahi kuwaambia."

"Mwantumu," Mbaruku alianza, "kaa, tumeshamaliza..."

"Mwache aseme," alisema yule mama wa karibu.

"Nataka wanilipe chakula. Si kesi. Mahindi au mtama, kila mwezi, mpaka nivune mwakani, na mwenyekiti aandike hivyo. Wawalaze ng'ombe wao kwenye lile shamba tangu sasa, maana halina tena cha kuliwa, waache mbolea. Mvua ikikaribia Tomasi aje na maksai na plau anilimie, kwa sababu mgongo wangu jembe haulitaki tena. Na mwakani mahindi yakitoka, nitakwenda mwenyewe bondeni niwaambie, bado. Mbaazi zikitoka nitakwenda niwaambie, sasa leteni."

Limi alikuwa amesimama na fimbo mkononi, mdomo wazi. Tomasi alivaa kofia yake, akaivua tena.

Mbaruku alikuwa akimtazama dada yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza baada ya safari ndefu. Aliona, labda, jinsi alivyokonda, kanga ikimzunguka mara mbili. Alikwenda mpaka alipokuwa amesimama, akashusha sauti, lakini watu wa mbele walisikia.

"Chakula? Dada, ulisema mpo. Kila nikikuuliza unasema mpo. Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya, kaka."

"Haya ya nini? Mimi ni nani kwako? Niambie basi. Niambie sasa."

Mwantumu aliachia ncha ya kanga. Safari hii sauti ilikuja, na wala haikuwa ndogo.

"Nina njaa," alisema. "Mimi na mama. Tuna njaa."